Migongo ya Kilonzo na Rangi ya Sabuni

Mama yangu alifariki bila kuelewa nilikuwa nafanya kazi gani. Si kwamba sikumweleza. Kina mama wa kanisa wakimuuliza, aliwajibu, "Kalekye huangalia picha za watu, halafu anasema."

"Anasema nini?"

"Anasema tu."

Basi wakaniombea nipate kazi. Nilikuwa na mshahara, nilikuwa na meza gazetini na darasa chuo kikuu, na bado niliombewa kwa jina mbele ya watu, mimi mwenyewe nikiwa nimeketi hapo hapo, macho nimefumba, nikisema amina pamoja na wengine. Ningefanya nini? Maombi ya bure hayakataliwi.

Nyinyi mnaosomea sanaa hapa Wote, mnaokuja kwangu Jumamosi na maswali mdomoni na jicho jikoni kuona kama chai imeiva, nimeona afadhali niwaandikie. Kuongea kunanichosha na sukari yangu mnaimaliza. Mliniuliza mkosoaji wa sanaa ni nani na mwanahistoria wa sanaa ni nani. Mkosoaji husema picha ni nzuri au mbaya wakati mchoraji yungali hai na anajua unakoishi. Mwanahistoria hungoja afe ndipo aseme. Kazi ya kwanza inataka miguu ya kukimbia, ya pili inataka afya njema. Nimezifanya zote mbili, na magoti yangu yanashuhudia.

Nitaongea ovyo ovyo, kama ninavyokumbuka, lakini mjue tunaelekea Kambu, kwenye ukuta wa hoteli ya Mama Ndunge. Hapo ndipo nilipoipigania picha kwa mara ya mwisho. Ilikuwa picha ya mwisho iliyobaki ya fundi mmoja anayeitwa Kilonzo, na watu wa sabuni ya kufulia walikuwa wamekwisha kuja na ngazi.

Shule yangu ya kwanza ya sanaa haikuwa na kuta. Ilikuwa kando ya barabara ya Mombasa pale Malili, ambapo shangazi yangu Syombua aliwauzia wasafiri viondo. Kazi yangu ilikuwa kuvipanga na kufunga mdomo. Mteja akishuka garini, shangazi hakumtazama usoni, alimtazama mikono. Mtu asiyejua hukishika kiondo kwa mkanda na kusifu rangi. Anayejua hukigeuza juu chini akatazama kitako, kwa sababu kiondo huanziwa kitakoni, na msusi mvivu hujulikana hapo kabla hajapata nafasi ya kujirekebisha. Shangazi akiona kiondo kimegeuzwa, aliniambia kwa Kikamba kwamba huyu si wa kuchezewa, na bei ikashuka yenyewe kabla haijatamkwa.

Hilo nimelitumia maisha yangu yote, nalo ni la bure, lichukueni. Ukiletewa picha, igeuze. Mbele kuna kile mchoraji anachotaka ukione. Nyuma kuna kutu ya misumari, vumbi, muhuri wa duka la fremu, pengine picha nyingine nzima iliyomshinda akaiacha. Bwana mmoja wa tai aliwahi kuniletea mandhari ya Kitui, milima na ng'ombe, eti ilichorwa na babu yake zamani za mkoloni. Nikaigeuza. Nyuma ya ubao kulikuwa na kibandiko cha supamaketi.

"Babu yako alikuwa akinunua wapi vitu vyake?" nikamuuliza.

Akaichukua picha yake akaondoka bila kuaga. Huo ndio huitwa ukosoaji.

Shangazi alinifundisha pia kuhesabu kila kitu mara mbili. Alisema mara ya kwanza unahesabu kile unachotaka kiwepo, mara ya pili ndipo unahesabu kilichopo. Wenzangu wa chuo walinicheka nikihesabu watu kwenye picha kama karani wa mizigo. Wakati wao waliandika "umati wa watu", mimi niliandika watu wangapi, na wangapi wana viatu. Umati ni neno la mtu mvivu.

Chuoni nilimpata Daktari Wasike, mtu mwembamba aliyevaa sweta hata mwezi wa pili jua likichoma mabati. Alituwekea picha moja ukutani kwa mashine ya slaidi, akaketi nyuma yetu, akasema, "Semeni mnachoona. Mawazo yenu yawekeni mfukoni." Halafu akasinzia. Kijana mmoja akasimama, akasema anaona uchungu wa Mwafrika.

"Uko wapi?" Daktari akauliza bila kufungua macho. "Nionyeshe kwa kidole."

Kijana akatafuta, akatafuta, mwisho akaonyesha.

"Huyo ni mbuzi," Daktari akasema. "Endelea."

Tulimchukia muhula mzima, kisha tukagundua kwamba hatukuwa tumewahi kuangalia kitu chochote kabla ya kukutana naye. Mimi pia nilikuja kufundisha na mashine ile ile ya slaidi. Siku moja nilisifu mawingu ya mchoraji fulani karibu somo zima, jinsi yalivyo mazito na ya fedha, mpaka msichana wa mbele akainua mkono kwa adabu akaniuliza mbona ng'ombe wanatembea juu yake miguu ikielekea angani. Slaidi ilikuwa imewekwa juu chini. Mawingu yangu yalikuwa bwawa. Nyinyi wa simu hamtapata aibu kama hiyo, lakini nawaona mkiingia kwenye maonyesho, mnapiga picha ya picha, mnatoka. Mmeiona saa ngapi?

Gazetini mhariri wangu aliipenda safu yangu kuliko zote, kwa sababu tangazo la mbolea likija ghafla lilitoshea pale pale bila kupunguzwa. Nimetolewa kwa ajili ya mbolea mara nyingi. Wakulima wa Makueni wakivuna vizuri, hujiona nami nina mkono wangu humo.

Sasa Kilonzo.

Kama mmewahi kusafiri zamani kutoka Malili mpaka Kambu, mmeziona kazi zake bila kujua ni zake. Alichora kuta za hoteli, za bucha, za baa, za wauza spea. Soko, harusi, watu wakienda kuchota maji, malori, punda, na kila binadamu ndani yake amekupa mgongo. Hakuna uso hata mmoja. Niliandika habari zake mapema, nikiwa bado na nywele nyeusi, na ili niandike nilimtafuta. Nikamkuta Makindu, nyuma ya duka la spea, akiosha brashi kwa mafuta taa.

"Mzee," nikamwambia baada ya salamu, "mbona watu wako wote wamenipa mgongo?"

"Si wewe peke yako. Wamempa kila mtu."

Akacheka, akanieleza. Ukuta wake wa kwanza ulikuwa wa baa, hapo hapo Makindu, na aliwachorea watu nyuso. Nyuso hizo alizitoa kichwani mwake, hakumlenga mtu. Lakini uso mmoja, uliokaa kaunta na chupa mbili mbele yake, ulitoka na masikio makubwa. Jumapili iliyofuata mzee wa kanisa alifika na nusu ya kwaya.

"Sikukuchora wewe," Kilonzo akamwambia.

"Basi huyu mwenye masikio yangu ni nani?"

"Ni mtu tu."

"Mtu tu hawezi kuwa na masikio haya!" Na kwaya ikatazama masikio, kwanza ya ukutani, kisha ya mzee, ikaitikia kwa kichwa.

Kilonzo akalazimika kuupaka ukuta wote chokaa. Tangu siku hiyo akawageuza watu wake wote. "Mgongo hauna jina," aliniambia, na alijiona amepata dawa.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa mjini hawezi kulifanya, kwa sababu mtu wa mjini hajui migongo ya jirani zake. Huku kwetu mtu humwona mwenzake kwa nyuma kuliko kwa mbele. Mnafuatana kwenye njia ya maji, mnaketi nyuma yake kanisani miaka nenda miaka rudi, mnamwona ameinama shambani. Usoni atakuchekea hata kama amekukasirikia, lakini kisigino chake hakijui kuigiza. Kilonzo naye, bila kutaka, alikuwa na jicho la visigino. Kila alipomaliza ukuta, watu walikuja wakasimama wakataja migongo kwa majina.

Aliyeumia kuliko wote kwa kosa hilo ni Muia wa Kambu, marehemu mume wa Mama Ndunge. Muia ndiye aliyetaka barazani pa hoteli yao pachorwe siku ya soko. Akamwambia Kilonzo amweke na yeye, akitembea na koti lake la kahawia. Kisha akamsogelea karibu, akamwambia amweke pembeni yake mama fulani wa leso ya njano. Mama huyo aliitwa Kanini, aliuza nyanya, na hakuwa mke wa Muia.

"Una uhakika?" Kilonzo alimuuliza.

"Si ni mgongo tu? Nani atajua?"

Siku ukuta ulipokamilika, Mama Ndunge alitoka jikoni na sufuria ya maharagwe. Akatazama mara moja. "Hilo koti," akasema, "kiraka cha kiwiko nilikitia mimi." Kisha akatazama leso ya njano, akaiweka sufuria chini taratibu, na Muia akaenda kulala kwa ndugu yake kwa muda ambao Kambu nzima iliuhesabu. Lakini alikuwa mtu mkaidi, akakataa ukuta kuguswa, maana kuupaka kungekuwa kukiri. Akazeeka nao. Akafa nao. Kanini alihamia Pwani na nyanya zake. Ukuta ukabaki na mwenye kuachiwa.

Haya ya koti na sufuria Kilonzo alinihadithia mwenyewe pale Makindu, akifuta machozi ya kicheko kwa kitambaa chenye rangi mpaka paji la uso likawa la kijani. Tukaenda kula pamoja kule kwenye hekalu la Masingasinga, ambako kila msafiri hulishwa bure, nami nimekula mara nyingi mpaka nahisi wananijua. Akanifundisha pia rangi. Alitumia rangi ya mafuta peke yake, ile ya kung'aa, na akaniambia nisimwamini mtu anayepaka rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta bila kupiga msasa kwanza. "Ni kama kupaka ukuta chai," alisema. "Itakuheshimu kidogo, halafu itaondoka." Likumbukeni hilo, mtalihitaji mbele.

Kilonzo alikufa. Mimi nikaacha kuwa mkosoaji wake nikawa mwanahistoria wake, kama nilivyowaeleza. Na kuta zake nazo zikaanza kumfuata. Wa Malili ulipakwa rangi za watu wa simu. Wa Makindu ulibomolewa barabara ilipopanuliwa. Nyingine zilinyeshewa, nyingine zilitiwa vigae kwa sababu mwenye baa amepata pesa na hana haya. Nilipostaafu na kuanza kukusanya habari zake ziwe kitabu, niliuliza huku na huku, nikahesabu, nikahesabu tena. Jibu lilikuwa moja mara zote mbili. Umebaki wa Kambu.

Halafu siku moja simu ikalia. Ni Mama Ndunge.

"Mwalimu, kama unataka kuuaga ule ukuta wako, njoo kesho mapema. Wanakuja kupaka."

Mnajua mtindo huu. Kampuni inakuja, inakupakia duka zima rangi zake bure, inaandika jina la sabuni yake, na wewe unapata ukuta safi usioulipia. Nilifika Kambu asubuhi malori yakiwa bado yamepangana kando ya barabara. Kijana mmoja, Mutinda, fundi mkuu wa wale wapakaji, alikuwa akikoroga bluu ndani ya debe kwa kijiti. Bluu ile ilikuwa inapiga kelele. Mama Ndunge alikuwa barazani kwenye karai lake, akikaanga mandazi, mgongo ameupa ukuta, na ukuta umempa migongo.

Nilikuwa nimejiandaa. Mimi ni mtoto wa Malili, sijawahi kulipa bei ya kwanza ya kitu chochote. Nikamsalimia, nikaketi, nikakubali andazi, kwa sababu mtu hawezi kukufukuza ukiwa na andazi lake mkononi.

"Mwaitu," nikamwita, kama tunavyowaita mama zetu huku, "huu ukuta ni historia."

"Historia ya nani?"

Hilo lilikuwa shimo, nikalizunguka. "Watu watatoka Nairobi waje kuuona."

"Wanatoka. Wanapiga picha, wanaomba choo, wanaenda."

"Lakini ni wa mwisho. Zingine zote zimeisha."

"Hata hili jino langu ni la mwisho. Hujawahi kuja kuliandika."

Mutinda akacheka mpaka kijiti kikamponyoka debeni. Nikamgeukia yeye. Nikamwambia apake kuta zote za nje, hata paa akitaka, aliache baraza peke yake.

"Mathe, mimi nimetumwa tu," akasema. "Wamesema mbele yote na baraza. Nisipopaka, msimamizi atanipaka mimi."

Nikarudi kwa Mama Ndunge na bei nyingine. Nikamwambia tutundike pazia, tuufunike, watu wasiuone ila wanaouomba.

"Pazia!" Akageuza andazi kwa nguvu, mafuta yakaruka. "Ili kila anayekuja kunywa chai aniulize nyuma ya pazia kuna nini? Sasa hivi wananiuliza mara moja. Unataka waniulize mara mbili?"

Kisha akaketi kwenye kigoda, akafuta mikono, akasema kwa sauti ya chini, bila utani. "Sikia, mwalimu. Wewe huu ukuta unauona ukija, unafurahi, unaenda. Mimi huwa naupa mgongo ndiyo niweze kufanya kazi. Na bado nausikia. Dereva wa lori akija na turniboi wake mgeni, anamwonyesha. Kimya kimya, kwa kidevu. Mimi nikigeuka wanaangalia chai. Watoto wangu wamekua wakionyeshwa kwa kidevu. Muia amekufa, yule mwingine ameenda, mimi ndiye niko hapa na hao wawili wakienda soko kila siku ya Mungu. Sasa niambie, hiyo historia yako itanipikia?"

Vijana, nimebishana na maprofesa. Nimebishana na wachoraji walevi, na wauzaji wa picha wasiolewa, ambao ndio wabaya zaidi. Mbele ya mwanamke yule niliutazama ukuta, nikamtazama yeye. Picha ilikuwa nzuri, na yeye alikuwa na haki, na mambo hayo mawili yalikuwa yamekaa kwenye ukuta mmoja hayataki kusogeleana. Mutinda alikuwa tayari ameegemeza ngazi.

Nikalikumbuka sweta la Daktari Wasike.

"Haya," nikasema. "Upakwe. Lakini kabla hawajaanza, nisaidie kitu kimoja cha kazi yangu. Simama hapa na mimi uniambie unachoona. Si unachofikiri. Unachoona, kwa kidole."

"Nimeshauona."

"Umeupa mgongo, umesema mwenyewe."

Akaniangalia kama mtu aliyepunguziwa bei mpaka akashuku bidhaa. Lakini akainuka. Akasimama mbele ya ukuta, mikono kiunoni, na sidhani alikuwa amefanya hivyo tangu siku ya maharagwe. Akaanzia mwisho wa kulia.

"Huyu ni Mbuvi wa maji, na ule mkokoteni wake ulikuwa na gurudumu bovu, ona. Huyu ni pasta wa kwanza, alikuwa anatembea hivi kama amekanyaga moto. Huyu..." Akasogea karibu. "Huyu ni mama mkwe wangu. Angalia alivyofunga kitambaa. Alikuwa mkali! Lakini mimba yangu ya kwanza ilipoharibika ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka barabarani." Akamgusa mama mkwe begani kwa kidole chenye unga. "Sijui kama kuna picha yake nyingine."

"Haipo," nikasema. Nilikuwa nimewauliza wanawe.

Mutinda akashuka ngazi akaja kusimama nasi, na rola lake mkononi. Mama Ndunge akaendelea, mgongo kwa mgongo, mingine akiicheka, mingine akiitikisia kichwa. Wengi wao walikuwa wamezikwa. Mwisho akafika kwenye koti la kahawia.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

"Kiraka." Akakisogelea mpaka pua ikakaribia plasta. "Alichora hata uzi. Uzi ni wa kijani, umeona? Mweusi uliisha, nikashonea wa kijani, Muia akalalamika kwamba nimemfanya aonekane kama gunia." Akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Nilishona vizuri. Bado kimeshika."

Kisha jicho lake likavuka kwenye leso ya njano. Hatukumuuliza anaona nini.

Alinyoosha mkono bila kugeuka. "Lete brashi."

"Mama, rangi ni ya kampuni," Mutinda akasema.

"Na ukuta ni wa nani?"

Mutinda akatoa, si rola, akatoa brashi ndogo ya pembeni, akaichovya mwenyewe, akampa kwa mikono miwili. Mama Ndunge akaanza na kichwa. Akashuka mabegani, akaifunika leso, akafunika kapu la nyanya, akashuka mpaka kwenye visigino. Hakuwa na haraka. Alipofika pale mkono wa Kanini unapokaribia koti, alishika pumzi kama mtu anayepitisha uzi kwenye sindano, akalizunguka koti lote bila kuligusa, kiwiko na kiraka chake vikabaki vikavu. Nimeona wachoraji wenye vyeti wasioweza kupita ukingo kama ule.

Mutinda akaninong'oneza, "Lakini mathe, yetu ni ya maji, hiyo ya chini ni ya mafuta. Hapo ilitakiwa kwanza kupigwa ms..."

Nikamkanyaga mguu. Mkosoaji mzuri anajua wakati wa kunyamaza, na anawasaidia wengine kunyamaza.

Alipomaliza, palikuwa na Muia akienda soko pembeni ya doa la bluu lenye umbo la kitu kisichokuwepo. Mama Ndunge akarudi hatua moja, akainamisha kichwa upande huu, upande ule.

"Hapo sasa," akasema. "Hao wengine waacheni. Pakeni mbele."

"Na msimamizi?" Mutinda akalia. "Anataka picha ya kazi yote!"

Hilo niliweza. Kama kuna jambo nililojifunza katika miaka ile ya magazeti, ni jinsi picha inavyopigwa ili isionyeshe. Mbele ilipokwisha kupakwa, nikamsimamisha Mutinda ng'ambo ya barabara, usawa wa lori la mkaa, nikamwambia apinde goti. Kutoka hapo baraza lote lilikuwa kivuli na moshi wa karai, na bluu ya mbele ikajaza simu yake. Akaridhika. Akaridhika zaidi alipogundua kwamba rangi ya baraza imebaki, karibu nusu debe, akaanza kuifunika kimya kimya.

"Hiyo unapeleka wapi?" Mama Ndunge akamuuliza.

"Mama, hii ni... hii inarudishwa."

"Inarudishwa kwako. Weka chini ya meza yangu."

Wakavutana. Mutinda alipata mandazi na chai ya kila mtu. Mama Ndunge alipata nusu debe. Nilivutiwa.

Sasa msifikiri mambo yaliishia hapo. Miezi ikapita, nikarudi Kambu kuuandika ukuta vizuri kwa ajili ya kitabu. Nikahesabu migongo. Mara ya kwanza nikapata kumi na sita, kama ilivyotakiwa. Mara ya pili jua la alasiri lilikuwa limeingia barazani, nikapata kumi na saba. Rangi ya maji ilikuwa imeanza kumbanduka, kama Kilonzo alivyosema, na leso ya njano ilikuwa ikichungulia begani.

Nikamtazama Mama Ndunge. Alikuwa akinitazama tayari.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua, mwaitu."

"Na ukanyamaza."

"Ulikuwa unafanya kazi vizuri."

Nikamwambia dawa ipo. Nitamletea Mutinda na msasa, ataparuza, atapaka tena, na Kanini hatatokea mpaka kiama. Akaopoa andazi la mwisho kwenye mafuta, akalitikisa, akafikiri.

"Wacha," akasema. "Nikimfuta kabisa nitakuwa nimebaki na nini cha kumwambia? Hivi, akichungulia, namrudisha." Akainama chini ya meza, akatoa debe na ile brashi ndogo, na wateja wakinywa chai yao akampaka bega. Hakuna aliyeonyesha kwa kidevu. Wanamwogopa sasa, na wale madereva huwaambia turniboi wao wageni wasiulize.

Lilibaki suala la kibao tu, cha kuwaambia wageni kazi ni ya nani. Nilikuwa nimeandika jina la Kilonzo, na chini yake la Ndunge. Akakataa. Akataka lake liwe juu.

"Yeye amechora kumi na saba," nikamwambia. "Wewe umechora doa."

"Yeye alimaliza akaenda zake. Nani anautunza?"

Nilishindwa, na mimi sishindwi ovyo. Kibao kiko hapo, kinasema Ndunge na Kilonzo, rangi ya mafuta na rangi ya maji kwenye plasta. Penye mwaka wa kukamilika hakuruhusu niandike kitu.

Mmoja wenu alikwenda kuuona mwezi jana, sitamtaja, yeye anajijua. Alisimama mbele ya lile doa, akamuuliza mwenye hoteli kama bluu ile inawakilisha utupu wa nafsi. Mama Ndunge hakuacha kukaanga.

"Hapo palikuwa na mtu," akamjibu. "Sogea, mafuta yanaruka."

Nendeni na nyinyi. Nunueni chai kwanza. Hesabuni migongo mara mbili, na kama mara ya pili imeongezeka mmoja, msiseme kitu, mwambieni tu mwenyewe kwamba bega limeanza kuonekana. Mimi nimestaafu. Yeye bado yuko kazini.